Asiyechorwa

"Kitendawili," alisema Mzee Ueda. Hilo ndilo neno pekee la Kiswahili alilokuwa amelishika.

"Tega," akajibu Coletha, ingawa Jumamosi ile asubuhi hakuwa na moyo wa mchezo.

Mzee akaweka mezani kisahani cha chuma cheusi chenye tundu katikati. Kilikuwa kikinga-mkono cha upanga wa Kijapani, cha enzi za mababu, na alikuwa na sanduku zima la vitu hivyo. Kila siku tangu Sydney ifungwe kwa korona alitoa kimoja, na Coletha, aliyehamia humo Smithfield kumtunza, akafumbua mchoro wake. Sungura juu ya mawimbi? Mbalamwezi majini, maana kwao sungura hukaa mwezini. Walicheka hapo mpaka chai ikapoa.

Leo palikuwa na ufagio na reki chini ya msonobari. Basi.

"Nani anafagia?"

"Mume na mke waliozeeka pamoja."

"Mbona siwaoni?"

"Fundi hakuwachora, Coletha-san. Michoro ya namna hii, asiyechorwa ndiye mwenye habari."

Coletha akakisukuma kisahani pembeni. Jana yake jioni hospitali kule Westmead ilimpigia yeye, maana mzee simu haisikii vizuri. Bi Emiko, mke wa mzee aliyelazwa huko, alikuwa amekata roho kwenye mashine ya kupumulia.

Hakumwambia. Kwao Bukoba mtu aliye peke yake hapewi habari ya msiba, hata kwa kuulizwa. Utamwambia ni mgonjwa, utamwambia anaendelea, mpaka watu wakusanyike, ndipo neno litoke. Na nyakati zile nani angekusanyika? Ila serikali ilishatangaza: kuanzia Jumatatu waliochanjwa wataruhusiwa kutembeleana. Binti wa mzee akakubali kuja na shangazi zake Jumatatu saa nane mchana. Siku mbili tu za kujikaza kisabuni.

Mchana, akiosha vyombo, Coletha alimwona mzee kupitia dirishani. Alikuwa amesimama getini na barakoa yake, akimwinamia mtu aliyefichwa na uzio. Alikawia huko. Aliporudi, macho yalikuwa mekundu.

"Watu wa vifurushi," alisema. Mikono yake ilikuwa mitupu.

Coletha akaanza kujiuliza. Je, wameshamwambia? Lakini jioni mzee akauliza kama kawaida, "Emiko amekula leo?"

"Kidogo, mzee."

"Vizuri," akasema, akamtazama Coletha kwa muda mrefu, kama mtu anayeomba radhi.

Kabla ya kulala Coletha alipiga simu nyumbani kwake Ingleburn. Mumewe, Rweyemamu, alikuwa amejitenga chumbani kwa korona siku ya sita, ila juzi mwenyewe alisema homa imeshuka, akatania kwamba sasa anaumwa njaa tu. Simu yake ilikuwa imezimwa. Akapokea binti yao, Brigitha, mtoto ambaye tangu darasa la kwanza alimjibu mama yake kwa Kiingereza tu.

"Simu ya baba imeharibika, mama," alisema Brigitha, kwa Kiswahili safi. "Umekula, mama?"

Coletha akatabasamu gizani. Kumbe kufungiwa ndani kunafundisha watoto lugha!

Jumapili mzee alitoa kisahani kingine: kofia na koti la mvua la nyasi, vimetundikwa mtini.

"Msafiri," akafumbua Coletha. "Amevua, amekwenda zake." Kisha akauliza, "Wapi, mzee?"

Mzee, ambaye tangu Julai hakuwahi kugusa birika, akainuka akamwandalia Coletha chai. Akamsogezea na biskuti.

Kutwa nzima nyumba ile ilimwelemea. Kila alipogeuka palikuwa na mchoro: ndara za Bi Emiko mlangoni, vidole vikielekea nje, miwani yake juu ya kabati, aproni ukutani, kifua bado kimeshika umbo la mtu. Ukumbini sakafu ililia mara mbili, na mzee alikuwa kitini pake. Anajua, aliwaza Coletha. Hajaambiwa, lakini roho yake imeshapata habari, ndiyo maana ananionyesha watu wasiokuwepo. Mungu wangu, kesho ije upesi.

Kesho ikaja. Saa tano asubuhi kengele ikalia. Mapema mno! Mzee, aliyekuwa amevaa shati jeupe na tai nyeusi tangu alfajiri, alikuwa ameshafika mlangoni.

Hakuwa binti yake. Walikuwa Anésie, Katungu na Bi Nibigira, wanawake wa kigango cha Coletha, vitenge vimefungwa kiunoni, barakoa zimelowa. Katungu alibeba sufuria kubwa na chupa ya chai.

Jamani, nani amewaambia habari za Bi Emiko? Coletha akaweka kidole mdomoni, akawaashiria kwa macho.

"Bado hajui!" alinong'ona. "Msimwambie, nawaombeni, mpaka mwanawe afike!"

Mzee Ueda akawainamia wageni, chini kabisa. Nao wakampa heshima yake, wakampita.

"Mama Brigitha," akasema Bi Nibigira, akimshika mikono yote miwili, "kaa chini kwanza."