Harusi ya Chumba cha Saba

Saa kumi na mbili asubuhi Masera Léonie, mtawa msimamizi wa nyumba ya wazee, alimkuta Muzee Donat akitoka chumba cha saba, viatu mkononi. Chumba cha saba hakikuwa chake. Kilikuwa cha Mama Kanyere.

Muzee hakukimbia. Kwa miaka yake sabini na sita na lile goti lake, angekimbilia wapi? Alimwamkia masera kwa heshima, akamweleza kwamba alikwenda kuomba chumvi. Masera akamtazama mikono. Mmoja ulishika viatu, wa pili redio. Chumvi hakuiona.

Nyumba ile, pale Katindo mjini Goma, ilikuwa na vyumba kumi na vinne vya mawe meusi ya volkano, kila kimoja na kitanda kimoja. Kodi yake hata mama anayeuza karanga aliiweza, kwa hiyo watu walingojea nafasi miaka na miaka. Wafadhili walikuwa na sharti moja tu: anayeingia awe amefiwa na mwenzake, awe mtu asiye na mtu. Wenye waume na wake, walisema, wanatunzana wenyewe.

Mama Kanyere aliingia mwezi wa pili, kajifunga kitambaa cheusi cha ujane. Lava ilikuwa imekula nyumba yake kule Buhene, na tangu hapo alikuwa akilala chini ya turubai la sheeting, mvua ikimnyeshea. Muzee Donat aliingia mwezi wa tatu. Na yake ilikuwa imeliwa na lava, Buhene hukohuko.

Masera alikumbuka kwamba wawili hawa waligombana tangu wiki ya kwanza. Mama Kanyere alimpokonya muzee kijiko cha sukari mezani, mbele ya watu wote, akamwambia kisukari hakichezewi. Masera alipomuuliza amejuaje kwamba muzee ana kisukari, alijibu kwamba ugonjwa ule unaonekana kwa mwendo. Siku ile masera aliona ni upendo wa Kikristo. Sasa alijilaumu.

Akawaita wote wawili ofisini. Aliwaambia wafadhili watakuja kutembelea nyumba mwisho wa mwezi, na wakisikia habari za chumba cha saba, aibu itakuwa ya wote. Kwa hiyo wachague: ama waoane Jumamosi hii katika kapela, ama wafunge mizigo. Karatasi ya masharti alikuwa ameisoma mara tatu, na hapakuwa na mstari uliokataza wajane kuoana wakiwa wamekwisha kuingia.

Alidhani watafurahi. Muzee Donat alitazama dari. Mama Kanyere, ambaye hakukosa misa hata siku ya mvua ya mawe, alitikisa kichwa.

"Masera, ile hatuwezi. Itakuwa zambi."

Masera aliweka kalamu chini. "Na hii munafanya sasa, ni nini?"

Mama Kanyere alijifunika uso kwa kitenge, mabega yakaanza kutetemeka. Masera alidhani analia. Alimwonea huruma, akamletea maji.

Kesho yake wazee walituma wajumbe wawili: Muzee Josias wa chumba cha kumi na moja, aliyewahi kuwa mwalimu, na Mama Katungu wa chumba cha tatu. Josias aliomba jambo lile liachwe lipite polepole.

"Tukianza mambo ya ndoa humu ndani, masera, hatutamaliza," alisema.

Mama Katungu aliitikia kwamba ni kweli, huku akimnyoosha Josias kola ya shati bila hata kumwangalia.

Masera hakulegea. Basi Mama Kanyere, alipofikiria ile sheeting na ile mvua, akasema sawa, wataoana, na Mungu ataelewa.

Masera aliishughulikia harusi ile kama ya dada yake. Maua yalitoka Kibumba, dagaa wa sambaza wakakaangwa sufuria mbili, na masista wa jirani wakaazimisha shela. Lakini Jumamosi asubuhi padri wao aliamka na malaria. Parokia ikamtuma badala yake Padri Edmond, mzee wa miaka themanini na kitu, aliyekuwa ameshuka Goma kwa matibabu ya macho. Alikuwa amefanya kazi miaka arobaini katika parokia za huko juu, kuanzia Lubero mpaka Butembo.

Muzee Donat alilisikia jina lile mlangoni mwa kapela, akasimama. Alimwambia masera kwamba tumbo linamuuma, labda waahirishe. Masera aliwajua wanaume. Alimshika mkono, akampeleka mwenyewe mpaka mbele ya altare, akamsimamisha karibu na bibi harusi, ambaye alikuwa ameishusha shela mpaka kidevuni.

Padri Edmond alivaa miwani yake mpya. Alimtazama bwana harusi. Akainua shela kwa vidole viwili, akamtazama bibi harusi. Kisha akafunga kitabu.

"Donat na Kanyere," alisema. "Mimi niliwafungisha ndoa hii miaka makumi tano na mbili iliyopita. Na siku ile pia Donat alisema tumbo linamuuma."

Masera Léonie aligeukia mabenchi, akitafuta hata mtu mmoja wa kushangaa naye. Padri naye aliinua macho, uso wake ukachangamka.

"Ah, Josias. Katungu pia. Kumbe hata ninyi bado muko pamoja?"

Katika mabenchi ya nyuma, wajane watano na wagane watano walikuwa wameinama wote kwa mara moja, kila mmoja akifunga kamba za viatu vyake. Wote walikuwa wamevaa sandali za plastiki.