Sindano ya Kwenye Nywele

Atupele alisukuma kwa furaha mkono wa ile mashine kuukuu ya kufumia, bila kuona kwamba uzi umekwisha. Mgongo wote wa sweta, kazi ya asubuhi nzima, ukadondoka sakafuni vitanzi vikiwa wazi.

“Ndivyo ilivyo hii,” alisema shangazi yake, mwenye mashine. “Ikidondosha, unafumua unaanza upya. Mimi mwaka wa thelathini huu nafanya hivyo.”

Atupele akachomoa kwenye nywele sindano yake ya kufumia kwa mkono, ile aliyoambiwa na shangazi aiache nyumbani. Akaketi chini, akaokota kitanzi kimoja kimoja mpaka vyote vikaingia kwenye sindano.

Shangazi alikigeuza kipande huku na huku. Kisha akaivuta sindano, vitanzi vikabaki wazi tena.

“Haya, mwanangu,” alisema, akiishika sindano kama penseli. “Nielekeze.”