Kiapo cha Siku ya Kufungua Shule

"Piga magoti," Yustina alimwambia mwanawe. "Weka mkono hapo, uape."

Gaspar alipiga magoti juu ya kaburi la baba yake. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, na udongo ule wa wiki tatu ulizama chini yake.

"Naapa mbele ya baba. Kamusi ya shule sikuiuza, wala sijui ilipo."

"Hukumpelekea Bandali wa dukani afungie karanga?"

"Mama! Niliiacha mezani. Baba mwenyewe alikuwa akiifungua kila jioni."

"Marehemu usimsingizie."

Siku nne walikuwa wakiitafuta: chini ya vitanda, ndani ya pipa la mchele, kwa majirani wote wa Mtoni. Yustina alikwenda mpaka dukani kwa Bandali, akapekua karatasi zake za kufungia moja moja. Kusoma hakujua, alitafuta muhuri wa shule, ule wa duara.

"Mama Gaspar, haya yote magazeti ya Kigujarati," Bandali alimwambia. "Mwanao anasoma Kigujarati siku hizi?"

Yustina hakucheka. Sasa mama na mwana walitoka makaburini wakashika njia ya shule.

Ilikuwa Januari 1953, siku ya kufungua. Kila mwanafunzi alipita kwanza maktaba, akarudisha kitabu alichoazima, ndipo jina lake likaandikwa darasa la kumi. Asiyekuwa nacho alingoja hadi saa sita, kisha nafasi yake akapewa mwingine. Barazani wavulana watatu wa akiba walikuwa wamekalia masanduku yao, macho mlangoni.

"Shikamoo, Mwalimu," Gaspar alisema.

"Marahaba. Kamusi ndogo, jalada jeusi, namba mia mbili na sita." Mwalimu Apolinari hakuinua uso kutoka kwenye daftari lake. "Iko wapi?"

Gaspar alimgeukia mama yake.

"Tutailipa, Mwalimu," Yustina alisema. "Hata kwa kufua nguo za watu."

"Mkuu wa shule hataki malipo, mama. Mwaka jana vitabu kumi na saba vilipotea. Anataka vitabu."

"Mtoto huyu kafiwa juzi tu. Baba yake alipokata roho, yeye alikimbilia Kimara kwa miguu kumwita baba yake mdogo. Mie ndiye niliyemvika Fransis. Nilichukua kitabu chake cha sala pale mezani, nikamwekea kifuani kama alivyotaka siku zote, wakaligongea jeneza misumari. Siku kama ile, Mwalimu, nani angeikumbuka kamusi?"

"Pole sana, mama. Lakini amri si yangu."

Saa ya ukutani ilibakiza dakika kumi.

Yustina alifungua kanga aliyoibeba kwapani, akatoa koti la sufu. Ndilo alilovaa Fransis siku alipoanguka kazini, ofisi ya bandari. Tangu wenzake walilete nyumbani lilikuwa likining'inia msumarini, naye hakuwa na moyo wa kuligusa.

"Lichukue. Ndicho kitu pekee cha maana tulicho nacho. Mwandike mwanangu."

"Mama, nilifanyie nini koti la marehemu?" Mwalimu alilisukuma juu ya meza, kisha mkono wake ukasita. Alilibonyeza pindo. "Kuna kitu humu."

Mfuko ulikuwa umetoboka. Aliingiza vidole ndani ya bitana, akahangaika kidogo, akatoa kitabu kidogo cheusi.

"Ndicho!" Yustina alilia. "Ndicho hicho! Asante, Mama Maria! Gaspar, mwanangu, nisamehe!"

Mwalimu alikifungua. Alisoma ukurasa wa kwanza, akafunua wa pili, akarudi wa kwanza. Aliinua uso, akamtazama Yustina.

"Mama," alisema taratibu, "hiki ni kitabu cha sala. Kina jina la mumeo."

Saa ikaanza kugonga. Gaspar aliinama akatazama magoti yake. Udongo wa kaburini ulikuwa bado haujakauka.