Kisikizi cha Mama

Runinga yetu haionyeshi kitu mpaka iafikiane na spika, kisha na kisikizi kilichopandikizwa sikioni mwa kila aliyeketi sebuleni. Wote tunapewa kiwango cha picha na sauti anachokiweza aliye chini kabisa. Ndiyo sheria, na nimechoka nayo.

Aliye chini ni Mama. Kisikizi chake ni cha zamani, na daktari alishasema kwa umri wake hakibadilishwi tena. Akikaa nasi tu, picha inafifia na sauti inakuwa kama ya mtu anayeongea ndani ya ndoo. Wanangu wanaguna. Basi kila Jumamosi mchana, tamthilia ikikaribia, namwambia, "Mama, hebu niangalizie maharage jikoni." Mwanzoni alikuwa ananiuliza maharage gani. Siku hizi anabeba kigoda chake na kwenda, hata kama jikoni hakuna sufuria.

Leo alikwenda kabla sijafungua mdomo. Nikakaa, nikanyoosha miguu iliyovimba kwa kusimama kiwandani wiki nzima. Runinga ikawaka. Picha ilikuwa imefifia, na sauti ni ile ile ya ndoo.

"Bibi amerudi?" akauliza binti yangu, Mwanakheri.

Hakuwa amerudi. Mwanakheri akafungua orodha ya visikizi, akaisoma mpaka jina lililo chini kabisa. Akamtazama kaka yake. Kisha akaniambia, kwa ule upole ninaoujua, maana ni wangu:

"Mama, hebu kamwangalie Bibi jikoni."