Ufa Nyumbani kwa Mwalimu Nakiete

Tangu sheria itamke kuwa aina ya jiwe ni ile tu inayotajwa na miwani ya kidijitali, Mwalimu Nakiete aliwaona wanafunzi wake wa mwaka wa kwanza wa jiolojia kama kuku: wanadonoa wanachomwagiwa. Asubuhi hiyo aliwaletea maabarani jiwe alilolichimbua uani kwake, karibu na msingi wa nyumba uliopasuka.

"Itale, mwamba mgumu," walisema wote kwa pamoja, miwani puani.

Akalidondoshea tindikali. Jiwe likachemka povu.

"Itale haitoi povu. Hili ni jiwe la chokaa, nalo huliwa na maji. Mnaona?"

"Tunaona, Mwalimu," akasema Elifuraha, kiongozi wa darasa. "Labda tindikali ndiyo mbovu."

Akawafukuza wote.

Nyumbani alimkuta mumewe akiupiga lipu ule ufa.

"Tuhame, Baba Namsifu. Chini yetu kuna pango."

"Cheti cha kiwanja kinasema itale," mumewe akajibu bila kugeuka. "Umezoea kubishana na watoto, mke wangu. Miwani haina ubishi."

Alimtazama kwa dharau: mtu mzima, fundi wa kuaminika, anasiliba shimo kwa sababu ameambiwa hakuna shimo. Akaingia jikoni kubandika chai. Katikati ya sakafu akashtuka kujikuta ananyata, kandambili mkononi, kama mwizi ndani ya nyumba yake mwenyewe. Akajidharau kuliko alivyowadharau wote: yeye alijua, na bado hakuhama. Hata hivyo, hakuthubutu kukanyaga kwa kishindo.