Habari za Nyumbani

"Mbaya," binti alijibu, na darasa zima likaangua kicheko.

Mwalimu alihisi damu ikimchemka. Kila asubuhi alisimama mlangoni kuwasalimia wanafunzi mmoja mmoja, habari za nyumbani, na kila mtoto aliyelelewa akajibu nzuri. Isipokuwa huyu. Macho kwenye kitasa cha mlango, vidole kwenye kifungo cha sweta, anamwaga ya kwao yote. Mbaya, sukari imeisha. Mbaya, paka ametapika kwenye kiatu. Wenzake walishambandika jina: Mbaya.

"Haya, leo paka kafanya nini?"

"Paka mzima. Bibi amelala jikoni."

"Nani kakuuliza bibi yako analala wapi?"

"Wewe, mwalimu."

Kicheko kingine. Hapo uvumilivu ukamwishia. Siku ya kumwandikisha, bibi huyo alikuwa amesema, "Ana usonji, mwalimu. Ukimuuliza kitu, atakujibu." Usonji! Siku hizi hata utovu wa adabu umepata jina la hospitali.

Akamsimamisha mbele ya darasa kipindi kizima.

"Sema nzuri."

"Si nzuri."

"Sema!"

Binti aliziba masikio, akayumba mbele na nyuma, machozi yakamtiririka. Mwalimu hakulegeza kamba. Samaki mkunje angali mbichi. Akamwonyesha barua ya kumfukuza shule, imeshapigwa chapa, imebaki sahihi tu ya mwalimu mkuu. Akirudia kesho, basi.

Kesho yake, Jumatano, binti alikuja na sweta ile ile, ina madoa ya uji.

"Habari za nyumbani?"

Kifungo kilimkatikia mkononi.

"Nzuri."

Mwalimu nusura aruke. Aliamuru darasa lipige makofi, akaichana barua mbele yao. Furaha ilimzidi, na baada ya masomo akamsindikiza binti mpaka kwao, ampe bibi habari njema, na amwambie ana kwa ana kwamba hakuna cha usonji wala nini, kuna kulea tu.

"Hodi!"

Binti akasukuma mlango, akapitiliza moja kwa moja jikoni.

Bibi alikuwa sakafuni, mguu umepinda kusikopinda mguu. Kichwani alikuwa amewekewa mto, mwilini blanketi mbili. Kando yake palikuwa na bakuli la uji na kikombe kitupu. Binti alikichukua, akakijaza maji hadi kwenye mstari wa bluu, akakirudisha pale pale.

"Alianguka Jumatatu jioni," alisema, akikitazama kikombe. "Nilikwambia Jumanne."

Mwalimu alipiga magoti. Alitafuta la kusema, yakamtoka yale yale ya kila siku.

"Shikamoo, bibi. Habari za hapa?"

Bibi akafumbua macho kwa shida.

"Marahaba," akasema. "Nzuri tu, mwalimu."