Mlango wa Dharura

Injini za ndege zilinyamaza ghafla, na Mwanasha akajua kinachofuata. Kwenye mteremko wa Newala, madereva wa wanunuzi binafsi wa korosho huzima lori ili kubana mafuta, na abiria mjanja huruka kabla halijashika kasi.

Akakamata mpini mwekundu wa mlango wa dharura ubavuni mwake.

"Tulia, mama," alisema mhudumu aliyejifunga mkanda mbele yake. "Tunashuka tu. Na mlango huo haufunguki angani."

"Hata dereva wetu wa lori alituambia tutulie, mwanangu."

Akavuta kwa mikono miwili, jasho likimtiririka. Kweli, haukutikisika. Mhudumu akacheka kidogo.

Magurudumu yakagusa lami, ndege ingali inakimbia. Mwanasha akavuta tena, na safari hii mpini ukakubali.